Sura ya Saba: Furu Mbabe na Uzazi Wake

Swali hili huja kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja: nimeweka furu kwenye tangi la kioo, dume mmoja anawamaliza wenzake, nifanye nini? Mmoja huuliza kama kuna dawa ya kumtuliza. Mwingine huuliza kama apunguze chakula ili dume apoe. Wapo waliokwisha kukata tamaa, wakagawa samaki wote, wakabaki na yule mbabe akizunguka peke yake kwenye lita mia mbili za maji huku rangi zake zikififia siku hadi siku.

Wote hawa nawaambia jambo moja. Ukali wa furu dume hautenganishiki na uzazi wake. Dume anayefukuza ni dume aliyekwisha kujipatia kiwanja cha kuzalia, aliyeiva, aliyevaa rangi zake zote. Ukimnyima sababu ya kuwa mkali, umemnyima na sababu ya kuzaa. Anayetaka vifaranga asihangaike kuumaliza ukali huo. Ahangaike kuugawa, ili usiangukie mgongo wa samaki mmoja.

Sura hii inaeleza namna ya kuugawa, na namna ya kuyafikisha mayai hadi kuwa vifaranga wanaojilisha wenyewe.

Furu ni samaki gani?

Wavuvi wa Mwanza huwaita furu, Wajaluo wa Kenya fulu, na Uganda wanajulikana kama nkejje. Ni samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wengi wao hawazidi urefu wa kiganja, na wako katika jamii ya siklidi, yaani ukoo mmoja na sato na ngege. Udogo wao umewafanya wadharauliwe sokoni. Kwa wanasayansi ni hazina.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 68,000, lakini halina kina kirefu: mahali penye kina zaidi ni mita 80 hivi tu. Udongo uliochimbwa sakafuni mwake unaonyesha kwamba miaka kama 15,000 iliyopita lilikauka, kisha likajaa upya. Ndani ya muda huo, ambao kwa historia ya viumbe ni mfupi mno, zilitokea aina za furu zinazokadiriwa kuwa zaidi ya 500. Wako wanaokwangua mwani kwenye miamba, wako wanaovunja konokono kwa meno ya kooni, wako wanaokula wadudu. Wako hata wanaoishi kwa kumgonga mama mwenye vifaranga mdomoni hadi awateme, kisha wakawala.

Kisha akaja sangara. Aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa kasi ya kutisha. Inakadiriwa kwamba aina 200 hivi za furu zilitoweka au zikabaki chache mno, kwa kuliwa na sangara na pia kwa sababu maji yenyewe yalichafuka na kupungukiwa hewa. Baadhi zilipona kwenye miamba, baadhi zimeanza kuonekana tena, na nyingine zina makimbilio kwenye maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli, kaunti ya Siaya. Kuna pia furu waliohifadhiwa kwenye matangi ya maabara, ya majumba ya samaki na ya wafugaji wa nyumbani huko Ulaya na Marekani, kizazi baada ya kizazi.

Ndiyo maana nalipa suala hili uzito. Mtu wa Mwanza, Kisumu au Entebbe anayefuga furu sebuleni anafuga samaki wa kwao, ambao hawapatikani kwa asili popote pengine duniani.

Kwa mfano katika sura hii nitamtumia mmoja: Pundamilia nyererei. Alitangazwa kisayansi mwaka 1985 na watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza, wakampa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Dume aliyekomaa ana mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na milia myeusi iliyosimama. Jike ana rangi ya kahawia iliyofifia, na ukimweka kando ya majike wa aina nyingine za furu, hata mtaalamu hukuna kichwa.

Kwa nini anapigana?

Ziwani, kila dume mwenye nguvu hushika kipande chake cha mwamba. Hapo hula, hujionyesha kwa majike, na huwafukuza madume wengine. Jike akija akiwa hajaiva kutaga, naye hufukuzwa. Yote haya ni ya kawaida na mara nyingi hayamuumizi mtu, kwa sababu anayefukuzwa ana mahali pa kwenda. Akishavuka mpaka, ambao huenda ni mita moja au mbili tu, dume humwacha na kurudi kwake.

Sasa mweke dume huyo kwenye tangi la urefu wa mita moja na robo. Mpaka wake unaishia kwenye kioo cha upande wa pili. Anayefukuzwa anakimbia, anafika kwenye kona, anasimama. Kwa macho ya dume, huyu bado yuko ndani ya kiwanja chake na amekaidi. Anamfuata tena. Hana ukatili wowote zaidi ya ule wa ziwani. Anarudia jambo lilelile mara mia kwa siku kwa sababu halipati mwisho.

Mambo mengine mawili ukiyajua yatakusaidia. La kwanza, madume hawalingani na hujua kwamba hawalingani. Dume aliyeshindwa hufifisha rangi zake hadi afanane na jike, na kwa kujificha hivyo huponea. Astatotilapia burtoni, jamaa wa furu anayepatikana Ziwa Tanganyika, amechunguzwa sana maabara kwa jambo hili: ukimwondoa mbabe, aliyekuwa chini yake huanza kuvaa rangi na kufukuza wenzake ndani ya dakika chache. Kwa hiyo usidhani ukimuuza mkorofi umeuza ukorofi. Mrithi wake alikuwa pale pale, amevaa kahawia, anasubiri.

La pili, dume humchukia zaidi anayefanana naye. Majaribio yaliyofanywa kwa furu wa Ghuba ya Mwanza yameonyesha kwamba dume mwekundu hushambulia wekundu zaidi ya wenye buluu. Mpinzani wa rangi yake ndiye anayegombea majike walewale.

Hapa inafaa kutupa jicho nje kidogo. Marekani ya Kaskazini wako wafugaji wanaozalisha samaki wakali wa mito na mabwawa ya kwao, wale wa jamii ya Lepomis. Kule dume ndiye mlezi: huchimba kishimo kwenye changarawe kwa mkia, jike akishataga humfukuza, kisha yeye hubaki akiyapepea mayai kwa mapezi na kuyalinda hadi yaanguliwe na vifaranga wapate kuogelea. Mfugaji wa kule humtoa jike haraka baada ya kutaga, na humwachia dume kazi. Kwa furu mambo yamegeuka: dume akishazalisha kazi yake imekwisha, na malezi yote yamo mdomoni mwa mama. Kwa hiyo anayehitaji kuokolewa ni mama, na wakati wa kumwokoa ni baadaye kidogo.

Kwa ufupi: dume hufukuza ili kulinda kiwanja cha kuzalia, tangini anayefukuzwa hana pa kutokea, ukiondoa mbabe atatokea mwingine, na wanaofanana rangi ndio wanaoumizana zaidi.

Tangi linalofaa

Urefu ni muhimu kuliko kimo. Kwa furu wa ukubwa wa nyererei, anza na tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45. Hilo hubeba lita 240 hivi, maana yake maji peke yake ni kilo 240, bado kioo, mchanga na mawe. Meza ya kawaida haitahimili. Mwambie fundi akuundie stendi ya chuma.

Mawe yaweke kwanza, moja kwa moja juu ya kioo cha chini au juu ya kipande chembamba cha plastiki, ndipo umwage mchanga pembeni yake. Ukianza na mchanga, furu watachimba chini ya jiwe usiku na asubuhi utakuta lundo limeporomoka juu ya samaki, au kioo kimepasuka. Panga mawe katika marundo mawili au matatu yaliyotengana, ili kuwe na viwanja zaidi ya kimoja. Ongeza vipande vya bomba la plastiki na vyungu vidogo vilivyolazwa ubavu. Kila maficho yawe na matundu mawili, la kuingilia na la kutokea. Maficho yenye tundu moja humfungia mnyonge humo na mbabe amesimama mlangoni.

Jambo linalosahaulika ni kuziba macho. Ukisimama mwisho mmoja wa tangi na kuona hadi mwisho wa pili bila kizuizi, dume naye anaona vilevile. Jiwe moja refu lililosimamishwa katikati hupunguza ugomvi kuliko maficho kumi yaliyo chini.

Maji ya Ziwa Victoria yameegemea kidogo upande wa magadi, yaani kipimo cha pH kati ya 7.5 na 8.5, na joto la nyuzi 24 hadi 27. Maji mengi ya bomba katika ukanda wetu yatafaa, ila yale yenye klorini, dawa inayowekwa kuua vijidudu, yaache kwenye ndoo au pipa wazi kwa siku nzima kabla ya kuyatumia. Halafu uwe na subira. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao hujenga makazi yao kwenye sponji la filta, na huchukua wiki nne hadi sita kutosha. Samaki wa mwanzo wawe wachache, na kila wiki badilisha theluthi moja ya maji.

Umeme ukikatika, bakteria hao ndio wa kwanza kuumia baada ya samaki wenyewe, maana nao wanahitaji hewa. Uwe na pampu ya hewa ya betri. Kama filta yako ni ya chombo kilichofungwa na imezimika kwa saa nyingi, mwaga maji yaliyomo ndani yake kabla ya kuiwasha tena, yamekwisha kuoza.

Kundi, na jinsi ya kulijenga

Usinunue jozi. Jike mmoja na dume mmoja wa furu katika tangi moja ni hukumu ya kifo kwa jike, kwani ukali wote utamwangukia yeye. Nunua wadogo kumi na watano hivi, wa aina moja, wasiozidi sentimita nne, na uwakuze pamoja. Wakianza kupata rangi, madume watajitambulisha wenyewe. Unakusudia kubaki na dume mmoja, au watatu na zaidi kama tangi ni kubwa, pamoja na majike sita hadi kumi. Madume wawili ni idadi mbaya kuliko zote: wa kwanza humwandama wa pili mchana kutwa.

Msongamano huu kidogo unashangaza wengi, maana tumezoea kusikia kwamba samaki wachache ndio wenye amani. Kwa furu, kundi likiwa kubwa dume hawezi kumshikilia mmoja. Anamfukuza huyu, mwingine anapita, anageuka. Kila mmoja anapata kipigo kidogo na hakuna anayepata kikubwa. Gharama yake ni maji kuchafuka haraka, kwa hiyo filta iwe kubwa na siku ya kubadilisha maji isirukwe.

Chakula kisiwe kizito. Nyererei hula vidudu vinavyoelea majini; wape punje ndogo zenye mchanganyiko wa mwani na wadudu au kamba wadogo, mara mbili kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Dagaa wa ziwani waliokaushwa bila chumvi na kusagwa wanafaa mara mojamoja. Nyama ya ng'ombe usiwape kabisa. Mafuta yake huwaharibu tumbo, na furu aliyevimba tumbo kwa nadra hupona.

Kila siku angalia dalili hizi:

- samaki anayekaa juu kabisa kwenye kona, mapezi yamekunjwa;
- mkia uliochanika ambao hauponi kwa wiki moja;
- magamba yaliyong'oka upande mmoja wa mwili;
- jike anayeacha kula ilhali koo lake halijavimba.

Ukiona mojawapo, mtoe huyo anayeumia siku hiyohiyo. Kama ugomvi umelishika tangi zima, toa samaki wote kwa muda, hamisha mawe yote, kisha warudishe taa zikiwa zimezimwa, mbabe akiwa wa mwisho. Hakuna mwenye kiwanja tena, na wote wanaanza upya.

Siku ya kutaga

Dume hubadilika siku moja au mbili kabla. Wekundu wa mgongo unakolea, milia inakuwa kama imepakwa wino, na tumbo lake jeusi linazidi weusi. Anasafisha tundu kati ya mawe au anachimba kishimo, akibeba mchanga mdomoni na kwenda kuutema pembeni. Jike akipita, anamkatia njia, anasimama ubavu mbele yake, anafungua mapezi yote na kutetemeka mwili mzima. Kisha anaogelea kuelekea kwenye tundu akitikisa mkia, anageuka kuona kama anafuatwa. Asipofuatwa anarudi, na mara nyingi anarudi na hasira.

Jike aliyeiva humfuata. Wanaingia na kuanza kuzunguka, kichwa cha huyu kwenye mkia wa yule. Jike anataga mayai machache, ya manjano, makubwa kuliko unavyotarajia kwa samaki wa mwili ule. Anageuka mara moja na kuyaokota mdomoni kabla dume hajafanya lolote. Hapa ndipo wanaoona kwa mara ya kwanza huingiwa na wasiwasi kwamba mayai hayajarutubishwa. Tazama pezi la chini la dume, lile lililo karibu na mkia. Lina madoa ya rangi ya chungwa, mviringo, yanayofanana na mayai. Dume analitandaza mbele ya mdomo wa jike, jike anayadonoa madoa yale, na papo hapo anavuta mbegu za dume. Mayai yanarutubishwa ndani ya mdomo. Wanarudia mzunguko huo tena na tena hadi tumbo la jike linywee.

Taa ina kazi yake hapa. Ziwani, jike wa nyererei humtambua dume wake kwa rangi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba pale ambapo maji yamekuwa tope, rangi hazionekani vizuri, na aina za furu zinazokaa pamoja zinapungua na kuchanganyikana. Tangini, taa za buluu au waridi zinazouzwa madukani huleta giza la namna hiyohiyo. Weka taa nyeupe ya kawaida.

Mama mwenye mdomo uliojaa

Utamjua kwa koo lililoshuka na kuvimba, na kwa namna anavyotafunatafuna bila kula. Anayageuza mayai yapate hewa. Mama wa mara ya kwanza mara nyingi humeza mayai ndani ya siku chache; mwache, atataga tena baada ya wiki kadhaa.

Katika tangi kuu ataendelea kufukuzwa, na akichoka anaweza kutema. Mhamishe kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne, kwenye tangi dogo la lita 40 hadi 60 lenye filta ya sponji, kipande cha bomba na maji yaliyotoka tangi kuu. Mhamishe usiku. Mwelekeze taratibu kwa wavu hadi aingie kwenye jagi lililozamishwa, kisha umbebe akiwa ndani ya maji. Ukimnyanyua hewani kwa wavu atatema, na vifaranga ambao bado wana kiini cha yai tumboni hawatajiweza.

Kwenye nyuzi 25 au 26, vifaranga hutoka karibu na wiki ya tatu, wakiwa na urefu wa sentimita moja hivi. Siku za mwanzo mama huwalinda, na ukikaribia kioo ghafla utawaona wote wakirudi mdomoni. Acha hilo liendelee kwa siku mbili tatu, kisha mtenge mama. Hajala kwa wiki tatu. Ubavu wake umebonyea na hana nguvu ya kukimbia. Mlishe peke yake kwa wiki moja au zaidi hadi mwili urudi. Mama anayerudishwa kwa dume akiwa amekonda hufa mara nyingi kuliko furu mwingine yeyote tangini.

Vifaranga hula punje zilizosagwa hadi kuwa unga, mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Wanakua haraka wakibadilishiwa maji mara kwa mara.

Vifaranga hawa waende wapi?

Wasiende ziwani. Hata kama wazazi walitoka hapohapo, samaki wa tangini anaweza kubeba ugonjwa ambao wenzake wa ziwani hawaujui, na furu wa miamba ya kisiwa kimoja si sawa na wa kisiwa kingine. Aina nyingi za furu huzaana kwa urahisi zikiwekwa pamoja, na machotara wao nao huzaa. Kwa sababu hiyo tangi la kuzalishia liwe na aina moja tu, kutoka mahali pamoja. Kama unataka kuvua wako mwenyewe, ofisi ya uvuvi ya wilaya ndiyo itakayokueleza kibali kinachohitajika.

Andika kwenye daftari jina la aina, mahali wazazi walipovuliwa na tarehe vifaranga walipotoka, na karatasi yenye maelezo hayo imfuate kila samaki unayemgawa. Furu asiye na kumbukumbu hizo bado ni samaki mzuri wa kutazama, lakini hawezi tena kutumika kuhifadhi aina yake. Wape wafugaji wengine vikundi vya wadogo kumi au zaidi, kamwe wasiwe wawili. Madume wa ziada wataanza kuvaa rangi kabla ya kutimiza mwaka, na hao unaweza kuwakusanya katika tangi lao, madume watupu. Pasipo jike wa kugombea, kumi wanaweza kukaa pamoja, mara nyingi wakitishiana kwa mapezi tu.